Kuchagua Vipuri vya Baiskeli Nyepesi ya Matairi Mapana kwa Njia za Milimani

Mvua ya masika inapoanza kunyesha juu ya milima ya Usambara, udongo mwekundu wa njia za Gare hugeuka kuwa utelezi, na mkulima aliyezoea kufika Lushoto mapema siku ya gulio huanza kuhesabu saa. Kabichi, karoti, nyanya na maziwa havingoji njia ikauke. Gari la mizigo hufika kwenye barabara kubwa. Lakini kutoka shambani hadi barabarani, na kutoka ofisi ya chama hadi vitongojini, kazi bado hufanywa kwa miguu, kwa vichwa, kwa pikipiki na kwa baiskeli.

Wageni wanaofika Lushoto kuzunguka milima hii kwa baiskeli wamewaonyesha vijana wetu vyombo vya namna nyingine: vyepesi, vyenye gia nyingi, na vingine vyenye matairi mapana kupita kiganja cha mkono. Si ajabu basi kwamba kijana mwanachama huja mbele ya kamati ya chama chake na kuuliza kama anaweza kukopeshwa fedha aunde baiskeli ya aina hiyo, apate kuongoza wageni, kupeleka barua na sampuli za maziwa, na kufika upesi mahali ambapo gari halifiki. Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu lenye hesabu ndani yake. Fedha itakayotumika ni hisa na akiba za wanachama. Na yule atakayeipanda baiskeli hiyo kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo ataweka roho yake mikononi mwa breki mbili.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua vipuri hivyo, kipi kitangulie na kipi kifuate, na mahali ambapo kupunguza uzito ni faida na mahali ambapo ni hasara.

BAISKELI TULIYOIZOEA NA HII MPYA

Baiskeli iliyozoeleka nchini, iwe Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China au Swala iliyotengenezwa hapa Tanzania, ilikuwa na umbo moja: fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 28, matairi ya upana wa inchi moja na nusu, gia moja, na breki za vyuma virefu vinavyobana ringi. Uzito wake ni kama kilo 20. Ni chombo cha kuheshimiwa. Hustahimili mzigo, na kila fundi aliye chini ya mti anaijua. Lakini kwenye tope tairi lake jembamba huzama kama kisu, kwenye mlima hapana budi isukumwe, na mvua inaponyesha ringi iliyolowa haishikwi sawasawa na raba za breki.

Baiskeli ya matairi mapana huwa na tairi la inchi 3.8 hadi 5. Asili yake si milima ya tropiki. Huko Alaska, Marekani, ambako mashindano ya baiskeli juu ya theluji yalifanyika tangu mwaka 1987, waendeshaji waliunganisha ringi mbili ubavuni ili kupata gurudumu pana lisilozama. Jangwani katika jimbo la New Mexico wengine walitafuta jambo lile lile kwa ajili ya mchanga. Mwaka 2005 kampuni ya Surly ya Marekani ilianza kuuza baiskeli iliyoitwa Pugsley, na tangu hapo vipuri vya aina hii vikaanza kutengenezwa kwa wingi. Theluji, mchanga na tope vyote vina tabia moja: humeza gurudumu jembamba. Ndiyo maana ufumbuzi wa Alaska waweza kumfaa mtu wa Gare.

KWA NINI UPANA HUSAIDIA

Yafaa katibu aelewe kanuni iliyo nyuma ya jambo hili, kwa sababu ndiyo itakayomwongoza katika maamuzi mengine yote. Tairi hubeba uzito kwa nguvu ya upepo uliomo ndani yake. Eneo la tairi linalogusa ardhi hupatikana, kwa makadirio, kwa kugawanya uzito lililobeba kwa kani ya upepo huo.

Tuchukue mfano. Gurudumu la nyuma limebeba kilo 50, yaani ratili 110. Tairi jembamba lililojazwa ratili 40 kwa kila inchi ya mraba litagusa ardhi kwa eneo la inchi za mraba 2.75 tu. Tairi pana lililojazwa ratili 10 litagusa ardhi kwa inchi za mraba 11, yaani mara nne zaidi. Mzigo ni ule ule, lakini umeenea. Tope halichimbwi, changarawe hazitawanyiki, na gurudumu halizunguki bure wakati wa kupanda.

Lakini msomaji aangalie neno moja. Faida haitoki katika upana peke yake. Inatoka katika upepo mdogo ambao upana umeuruhusu. Mtu akinunua tairi la inchi 4 kisha akalijaza upepo hadi likawa gumu kama jiwe, amenunua uzito bila faida. Tena baiskeli yake itadunda kama mpira, kwa kuwa tairi pana husukuma juu kama springi na halina kitu cha kuutuliza mdundo.

UZITO UKO WAPI

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Wepesi wa baiskeli hupatikana vivyo hivyo, gramu kwa gramu. Baiskeli ya matairi mapana ya bei nafuu huwa na kilo 16 au zaidi. Iliyochaguliwa vizuri, yenye fremu ya alumini, huweza kushuka hadi kilo 13 au 14. Tofauti hiyo haitoki sehemu moja.

Sehemu kubwa imo magurudumuni. Tairi la inchi 4 lenye waya ukingoni na mpira mzito laweza kuwa na kilo 1.6, tairi la upana ule ule linalokunjika, lenye nyuzi nyingi na nyembamba, huwa na kilo 1.2 hivi. Tyubu yake pana huwa na gramu 450. Tyubu ya baiskeli ya kawaida ya milimani, ambayo hutanuka ikajaza tairi, huwa na gramu 200 hivi. Ringi pana isiyotobolewa huwa na kilo moja, na iliyotobolewa mashimo ya kupunguza uzito huwa na robo tatu ya kilo. Mtu akijumlisha tofauti hizo kwa magurudumu mawili atapata kama kilo 1.8, kabla hajagusa fremu.

Uzito wa ukingoni mwa gurudumu una jambo la pekee. Baiskeli inapoanza kwenda, uzito huo husogezwa mbele na pia huzungushwa. Kwa hiyo gramu moja ya tairi humchosha mwendeshaji karibu kama gramu mbili za fremu. Jambo hilo huonekana pale anaposimama na kuondoka mara nyingi, kama katika vijia vya kona kona. Mwendo ukishatulia kwenye mlima mrefu, gramu ya tairi ni sawa na gramu nyingine yoyote.

Hapa ni lazima hesabu ifanywe kwa uaminifu, maana wauzaji wengi huahidi makubwa. Kutoka Mombo hadi Lushoto njia hupanda takriban mita 1,000. Tuseme mtu na baiskeli yake ni kilo 80, naye hupanda kwa saa 2. Akipunguza kilo 2 amepunguza sehemu moja katika arobaini. Nguvu zake zikiwa zile zile, atafika mapema kwa dakika 3, si zaidi. Dakika 3 si kitu kwa mpeleka barua, ingawa ni kitu kwa mshindani. Kamati ipime yenyewe ni fedha kiasi gani inafaa kulipwa kwa dakika 3.

FREMU NA UMA HUTANGULIA

Kosa kubwa kuliko yote ni kununua kipuri kimoja kimoja kwa kufuata bei iliyojitokeza. Fikiria chama ambacho kimepata fremu kwa bei nzuri mwezi wa kwanza, matairi mwezi wa pili, na habu mwezi wa tatu. Mwezi wa nne fundi anakusanya vitu vyote na kuona kwamba tairi linasugua fremu, habu ni nyembamba kuliko nafasi yake, na mnyororo unakwaruza tairi. Kila kipuri ni kizuri, lakini baiskeli hakuna. Fedha imelala ghalani, na katika Mkutano Mkuu katibu hana la kusema.

Kwa hiyo fremu na uma wa mbele vichaguliwe kwanza, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoamuru vingine vyote. Vipimo vinne viandikwe katika karatasi kabla ya kununua kitu chochote.

Kipimo cha kwanza ni nafasi ya tairi. Baina ya tairi na fremu pabaki nafasi ya kupitisha kidole kidogo kila upande, kwa sababu udongo wa Usambara hunata, na nafasi ikiwa ndogo gurudumu litazibwa na tope likasimama.

Cha pili ni upana wa habu. Habu ya nyuma ya baiskeli ya kawaida ya milimani huwa na milimita 135. Za matairi mapana huwa na 170 au 177, na nyingine 190 au 197. Za mbele huwa na 135 au 150. Tarakimu hizi hazibadilishani. Pungufu ya milimita chache humaanisha kwamba gurudumu haliingii.

Cha tatu ni upana wa bomba la kranki, ambalo katika baiskeli za kawaida ni milimita 68 au 73, na katika hizi mara nyingi ni 100. Upana huo huuweka mnyororo mbali na tairi. Pia hutanua miguu ya mpandaji, na mwenye maungo madogo ajaribu kwanza, asije akaumia magoti.

Cha nne ni kipenyo cha gurudumu: inchi 26, 27.5 au 29. Tairi la 26 kwa 4 likijazwa upepo hufikia kipenyo cha nje cha inchi 29 hivi, kwa hiyo mtu asihofu kwamba gurudumu litakuwa dogo.

Kuhusu madini ya fremu, kuna aina tatu. Chuma ni kizito, lakini kikipasuka fundi mwenye gesi na mkono mzuri aweza kukiunga. Alumini ni nyepesi kwa karibu kilo moja, lakini kuiunga kunataka mashine na ujuzi ambao haupatikani kila mahali, na kiungo kilichochomwa ovyo kitavunjika tena. Kaboni ni nyepesi kuliko zote na bei yake ni kubwa kuliko zote. Pigo la jiwe laweza kuipasua ndani bila kuonekana kwa nje. Kwa chama cha msingi ushauri ni huu: chuma kwa baiskeli ya mzigo, alumini kwa baiskeli ya mbio, na kaboni iachiwe mwenye fedha yake mwenyewe.

Uma uwe mgumu, usio na springi. Springi huweza kuongeza kilo nzima, na hudai mafuta yake na mipira yake maalumu. Tairi pana lenye upepo mdogo litafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo pasipo gharama.

RINGI, SPOKI NA TAIRI

Ringi ilingane na tairi. Kwa tairi la inchi 3.8 hadi 4.3, ringi ya milimita 65 hadi 80 inatosha. Ringi nyembamba mno humfanya tairi alale ubavu kwenye kona. Pana mno huacha kingo zake wazi kwa mawe. Spoki 32 kwa kila gurudumu ndicho kiasi cha salama. Ringi iliyotobolewa hudai utepe imara wa ndani, la sivyo tyubu itatokeza mashimoni na kupasuka.

Kashata za tairi ziwe na nafasi baina yao, ili tope litoke lenyewe gurudumu linapozunguka. Kashata ndefu sana huchelewesha mwendo kwenye njia kavu. Ni jambo la busara kuweka mbele tairi lenye kashata za kushika na nyuma lenye kashata fupi, kwa kuwa gurudumu la mbele likiteleza mtu huanguka, na la nyuma likiteleza mara nyingi hujirudi.

Wako wanaoondoa tyubu kabisa na kutia ndani ya tairi maji ya utomvu wa mpira yanayoziba matundu ya miiba. Njia hii ni nyepesi na huvumilia miiba midogo. Lakini utomvu hukauka baada ya miezi michache na huhitaji kuongezwa, na kulikalisha tairi kwenye ringi kwa mara ya kwanza mara nyingi hudai pampu ya mashine. Penye duka la utomvu na pampu hiyo, ni njia njema. Pasipokuwepo, tyubu nyepesi, viraka na solusheni vitamrudisha mtu nyumbani bila kumtegemea yeyote.

Kiasi cha upepo kipimwe kwa kipimo cha ratili ndogo. Kipimo cha tairi la gari hakiwezi kutofautisha 8 na 12. Kwa mtu wa uzito wa wastani, ratili 8 hufaa kwenye tope na ratili 12 hufaa kwenye changarawe. Ukipungua mno, ringi itagonga jiwe na kupinda. Kila mpandaji ajaribu, kisha aandike kiasi kinachomfaa.

GIA ZA KUPANDIA

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko wepesi wote uliotajwa. Baiskeli ya zamani yenye meno 44 mbele na 18 nyuma husogea zaidi ya mita 5 kwa kila mzunguko wa pedeli. Hakuna paja linaloweza kuendeleza kazi hiyo mlimani. Ndiyo maana baiskeli husukumwa. Baiskeli mpya yenye meno 28 mbele na 42 nyuma husogea kama mita 1 na nusu kwa mzunguko mmoja. Mwendo ni wa polepole, lakini mtu hubaki amekaa na moyo wake haupasuki.

Sproketi moja ya mbele yatosha, na nyuma ziwe 9 au 10, ndogo ikiwa na meno 11 na kubwa 42 au karibu na hapo. Kwa namna hii hakuna haja ya kibadilisha gia cha mbele, wala waya wake, wala mkono wake. Uzito hupungua na kuna kitu kimoja pungufu cha kuharibika. Mnyororo, sproketi za nyuma, kibadilisha gia na mkono wake vyote viwe vya hesabu moja: vya 9 kwa 9, vya 10 kwa 10. Kadiri sproketi zinavyoongezeka ndivyo mnyororo unavyokuwa mwembamba na wa gharama, na tope huula upesi.

BREKI: HAPA HAPAPUNGUZWI

Msomaji na asome sehemu hii mara mbili. Mtu na baiskeli wenye kilo 90 wakishuka mita 1,000 huachia kiasi cha joto ambacho hapana budi kiende mahali fulani. Hata kama nusu yake itachukuliwa na upepo na msuguano wa njia, iliyobaki yatosha kuchemsha lita moja ya maji. Joto hilo lote hupita katika breki. Mwenye kushika breki mfululizo bila kuachia huzipika, na breki iliyopikwa haishiki.

Breki za diski ndizo zinazofaa, kwa kuwa diski iko mbali na tope na haijali kulowa kwa ringi. Diski ya mbele isipungue milimita 180, na ya nyuma 160. Ziko zinazovutwa kwa waya na zinazosukumwa kwa mafuta. Za mafuta hushika kwa nguvu zaidi kwa kidole kimoja, lakini kila aina ina mafuta yake. Kutia mafuta ya aina nyingine, au mafuta ya kupikia, au ya injini, huharibu mipira ya ndani na kumwacha mpandaji bila breki kwenye mteremko. Za waya hazina nguvu sawa na hizo, lakini waya wake hupatikana kwa urahisi na fundi wa kijijini anazijua. Kwa chama kilicho mbali na mji, za waya zilizo bora ni chaguo la busara.

Uzito usipunguzwe kamwe katika breki, usukani, shina la usukani, uma na ekseli. Tandiko likivunjika mtu atasimama. Usukani ukivunjika kwenye kona za Soni, hatasimama.

KAZI AMBAYO BAISKELI HII HAIIWEZI

Ni kosa kuitazama baiskeli hii kama dawa ya kila ugonjwa. Kwenye lami ya kutoka Lushoto kwenda Mombo tairi pana lenye upepo mdogo huburuta, na usukani huwa mzito. Kwa safari za lami tupu, tairi la inchi 2 au 2.4 litakwenda upesi zaidi kwa jasho dogo zaidi. Kwa wengi, tairi la kati la inchi 3 huenda likawa ndilo jibu: hupata sehemu kubwa ya faida ya tope bila kudai uzito wote, ilimradi fremu iwe na nafasi.

Wala si chombo cha kubebea gunia. Afrika ina vyombo vilivyobuniwa kwa kazi hiyo. Huko Goma, mashariki ya Kongo, watu huunda kwa mbao chukudu, isiyo na pedeli wala mnyororo, nayo hushuka na mamia ya kilo za viazi, mkaa na kabichi. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, husambaza katika nchi kadhaa za Afrika baiskeli iitwayo Buffalo, ambayo ni ya chuma, ina uzito wa zaidi ya kilo 20, na keria yake huchukua kilo 100. Waliobuni vyombo hivi hawakutafuta wepesi, kwa sababu mzigo ulikuwa ndio shabaha yao. Mwanachama anayetaka kupeleka kabichi na anayetaka kuongoza wageni wana haja mbili tofauti, na chama kisiwape jibu moja.

WAJIBU WA KATIBU NA KAMATI

Maombi yaje kwa maandishi, yakieleza kazi itakayofanywa na mapato yanayotarajiwa. Mkopo wowote usivuke ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Kamati iamue waziwazi baiskeli ni mali ya nani: ya chama, au ya mwanachama aliyekopeshwa. Mali isiyo na mwenyewe haina wa kuipaka grisi.

Orodha ya vipuri vyote pamoja na vile vipimo vinne iandikwe kwanza na kupitishwa yote kwa mara moja. Hati za bei zipatikane kutoka kwa wauzaji watatu, na kila mmoja aulizwe kama matairi, tyubu, pedi za breki na mnyororo wa aina hiyo hupatikana Lushoto, Tanga au Dar es Salaam. Kipuri kisichopatikana karibu kinunuliwe viwili tangu mwanzo, na gharama hiyo ihesabiwe ndani ya bei ya baiskeli.

Vipuri vikifika, vipimwe uzito mbele ya mashahidi wawili kwa mizani ndogo ya dukani, kwa kuwa mizani ya mazao haitambui gramu. Aliyelipia tairi la kilo 1.2 akapewa la kilo 1.6 amepunjwa kwenye mizani, sawasawa na mkulima aliyepunjwa kwenye karoti. Stakabadhi zihifadhiwe, baiskeli iingizwe katika daftari la mali kwa namba ya fremu, na uchakavu wake ukatwe kila mwaka. Kitabu kidogo cha safari na matengenezo kitunzwe, ili mkaguzi wa hesabu akifika aone kilichoingia na kilichotoka.

Na kabla ya safari ya kwanza, fundi na mpandaji waikague pamoja: ekseli zimekazwa, usukani haugeuki peke yake, breki ya mbele na ya nyuma kila moja inaweza kusimamisha baiskeli bila msaada wa nyenzake. Mpandaji avae kofia ngumu. Safari hiyo iwe ya kupanda, si ya kushuka, ili kasoro ijitokeze wakati mwendo ni wa polepole.

Chama kitakachofuata utaratibu huu huenda kikaamua kutoiunda baiskeli hiyo kabisa, kikanunua ya tairi la kati au kikatengeneza zile za zamani zilizopo. Uamuzi huo nao utakuwa mzuri, mradi umefikiwa kwa vipimo na hesabu. Na chama kitakachoamua kuiunda kitampa kijana wake chombo kinachopanda asubuhi bila kumuua kwa uchovu na kinachosimama jioni pale anapotaka kisimame. Hilo la pili ndilo litangulie katika kila orodha ya ununuzi.